Sabini na Tisa

Jumapili Kibuye huamka kabla ya jogoo,
nami nina sindano ya chuma mfukoni mwa koti,
mwanagenzi wa afya ya jamii, wiki ya tatu,
fomu kumi na mbili za kujaza kabla ya adhuhuri.
Kazi yangu ni kuchoma vyakula vya watu na kusoma namba.

Kwa Risper kuna kitambaa cha maua mezani,
glavu za buluu, kofia ya wavu, tabasamu,
na kioo kilichofunika samaki kama maiti ya mheshimiwa.
Foleni imefika kwa muuza viatu.
Nikahesabu, maana msimamizi alisema nihesabu:
glavu ile ile ilipokea noti ya mia,
ikajibu simu,
ikamfuta mtoto kamasi, mara moja tu, kwa upendo,
ikarudi kwenye mbuta.
Hakuna aliyeona. Buluu ni buluu.
Shuleni nilikariri uzuri wa mkakasi;
hakuna aliyeniambia mkakasi huvaa glavu.
Nikachoma maharage: arobaini na moja.
Uvuguvugu. Joto la maji ya kuogeshea kichanga.
Humo vijidudu hujinyoosha, huoana, huzaa,
na ikifika saa nane wana wajukuu.

Kwa Dorsila hakuna maua.
Kuna sufuria nyeusi kama iliyorudi vitani,
kuna moshi, na mikono mitupu
iliyochubuliwa na sabuni ya kipande.
Dumu la lita tano limetobolewa, lina kamba ya kukanyaga:
ananawa akishika pesa, ananawa akishika kuni,
alinawa hata baada ya kunisalimia,
nami nikakificha kiganja changu nyuma ya fomu.
Mchuzi unatokota, unamtukana kila apitaye.
Sindano ikapanda: hamsini, sitini na tano,
sabini na tisa. Ikatulia.
Wateja wawili. Mmoja ni shemeji yake.

"Hiyo kitu inasemaje?"
"Sabini na tisa."
"Ni uzuri ama ni ubaya?"
"Uzuri, mama. Ukivuka sitini na kitu, uko salama."
Akafikiri. Akavuta ubao nyuma ya magunia, na chaki.
"Basi andika. Nimechoka kunuka moshi bila cheti."

Nikaandika kwa mwandiko wa darasa la nne, kubwa: 79.
Kabla sijapangusa vumbi vidoleni
wakaja. Watatu, saba, mafundi baiskeli wa upande ule wote,
mama mmoja mwenye pacha mgongoni na kifuani.
"Samaki mzima, sabini na tisa? Nifungie wawili!"
Dorsila akanitazama. Mimi nikatazama ubao.
Nikaanza kueleza nyuzijoto, nikaeleza bakteria,
nikasikia sauti yangu ikipoa mdomoni.
"Kumbe ni homa ya samaki!" fundi mmoja akasema,
wakacheka, wakageuka waende zao,
lakini harufu ilikuwa imeshawashika mashati.
Wanne walikaa, wakalipa bei ya kweli wakinung'unika,
wakalamba vidole hadi kifundoni.

Saa saba njaa ikanipata na mimi.
Nitasema ukweli, kwa kuwa fomu haina nafasi yake:
miguu ilinipeleka kwenye kitambaa cha maua.
Arobaini na moja ilikuwa kwapani mwangu, kwa wino wangu mwenyewe,
nami niko kwenye foleni, wa sita,
nikisogea, nikimeza mate, nikiona kila kitu ni kisafi.
Nilikuwa wa pili glavu ilipokuna sikio.

Jumapili iliyofuata nilipita tena.
Risper alikuwa na kitambaa kipya, waridi.
Kwa Dorsila ubao ulikuwa umesimama palepale,
namba yangu haijafutwa,
na chini yake, kwa herufi zilizoegemeana kama walevi:
HII SI BEI. NI MOTO.